Ngojangoja Huumiza Matumbo: Miaka 40 ya Safari ya Chanjo ya Rota

Wahenga waliposema ngojangoja huumiza matumbo, hawakuwa wakizungumzia tiba ya watoto. Sisi huitumia methali hiyo kwa mtu anayesubiri jambo lisilofika. Hata hivyo, tulipokusanya habari za makala hii tuliona kwamba ni vigumu kupata methali inayofaa zaidi kwa historia ya kuharisha kwa watoto wadogo. Kirusi cha rota, ambacho ndicho chanzo kikuu cha kuharisha kukali kwa watoto duniani, kilionekana ndani ya utumbo wa watoto wagonjwa mwaka 1973 mjini Melbourne, Australia. Chanjo yake iliingia katika ratiba ya kawaida ya watoto wa Tanzania mwaka 2013, na ya watoto wa Kenya mwaka 2014. Kutoka Melbourne hadi Dar es Salaam ni miaka 40.

Swali letu ni hili: miaka hiyo ilikwenda wapi? Sehemu ya jibu ni sayansi, ambayo ina mwendo wake na haipendi kuharakishwa. Sehemu nyingine ni mizani. Kila chanjo hupimwa faida yake na hatari yake, na katika historia hii mizani iliyotumika kwa muda mrefu ilikuwa ya nyumba moja tu, huku ugonjwa ukiwa wa mji mzima.

Ugonjwa usio na mwandishi

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya ugonjwa huu. Tunasema kuhara, kuharisha, kuendesha. Lakini ukitafuta historia yake iliyoandikwa utapata kidogo sana. Kipindupindu kina mwandishi wake: James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki, ukiwemo ule ulioipiga Unguja mwaka 1869 na 1870. Kipindupindu huja kama vita. Huwaangusha watu wazima, hutisha bandari na wafanyabiashara, kisha huondoka. Kuharisha kwa watoto hakukuja wala kuondoka. Kulikuwa ndani ya nyumba kila mwaka, na jambo la kila mwaka halipati mwandishi.

Wazee wetu walikuwa na maelezo yao: mtoto anaota meno. Tusiwacheke. Kirusi cha rota huwashika zaidi watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 2, na meno ya kwanza huanza kutokeza kwenye miezi 6 hivi. Mtu anayeona mambo mawili yakitokea pamoja, mtoto baada ya mtoto, ana haki ya kudhani kwamba moja limezaa jingine. Tena wazee hao walijua kumtazama mtoto. Walijua utosi uliobonyea, macho yaliyoingia ndani, kilio kisicho na machozi. Dalili hizo hizo ndizo anazozitafuta daktari hadi leo anapotaka kujua mtoto amepungukiwa maji kiasi gani.

Hatari ilikuwa katika hatua iliyofuata. Katika sehemu nyingi za Tanzania, Uganda na Kenya kulienea imani ya “meno ya plastiki”. Mtoto mwenye homa, kutapika na kuharisha alipelekwa kwa mganga, ambaye aliuchana ufizi na kuyang’oa meno machanga yaliyokuwa bado hayajatokeza. Kidonda kiliweza kuingia uchafu, damu ilipotea, na saa ambazo mtoto alihitaji kunyweshwa maji zikapita. Maelezo yasiyo sahihi yalikula muda, na katika ugonjwa huu muda ndio uhai.

Madaktari nao hawakuwa mbele sana. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, hata katika hospitali za nchi tajiri, kinyesi cha mtoto anayeharisha kilipopelekwa maabara mara nyingi hakikuonyesha bakteria wa kulaumiwa. Chanzo cha ugonjwa wa wengi wa watoto hao hakikujulikana.

Kirusi chenye umbo la gurudumu

Mlango ulifunguliwa na hadubini ya elektroni, chombo kinachoweza kuonyesha vitu vidogo ambavyo hadubini ya kawaida haivioni. Mwaka 1972, Albert Kapikian na wenzake katika taasisi za afya za serikali ya Marekani walitangaza kwamba wameona kirusi katika sampuli zilizohifadhiwa tangu mlipuko wa kutapika na kuharisha katika shule moja ya mji wa Norwalk, jimbo la Ohio, mwaka 1968. Hicho ndicho tunachokiita leo norovirusi.

Mwaka uliofuata Ruth Bishop na wenzake huko Melbourne walichukua vipande vidogo sana vya utumbo mwembamba kutoka kwa watoto tisa waliokuwa wakiharisha. Kwa watoto sita kati yao walikuta chembe za kirusi kisichojulikana, zimejaa ndani ya seli za ukuta wa utumbo. Thomas Flewett wa Birmingham, Uingereza, alikiona kirusi hicho kwenye kinyesi cha watoto na kupendekeza jina. Chini ya hadubini kilionekana kama gurudumu lenye spoku, na gurudumu kwa Kilatini ni rota. Mwaka 1975 ikaja astrovirusi, iliyopewa jina la nyota kwa sababu ya umbo lake. Baadaye zikatambuliwa aina za adenovirusi zinazoshambulia utumbo. Katika miaka michache, ugonjwa uliokuwa hauna chanzo ukapata vyanzo kadhaa.

Kirusi cha rota hufanya kazi hivi. Huingia katika seli zilizo kwenye ncha za vinyweleo vya utumbo mwembamba, zile zinazofyonza chakula na maji, na kuziharibu. Vimeng’enya vya kuyeyusha sukari ya maziwa hupungua, chakula kisichofyonzwa huvuta maji, na maji hayo hutoka. Aidha, kirusi hutengeneza protini inayofanya kazi kama sumu na kuufanya utumbo umwage maji zaidi. Mtoto hutapika na kuharisha kwa wakati mmoja, na mtoto wa kilo saba hana akiba kubwa ya maji.

Jambo moja katika tabia ya kirusi hiki tunaomba msomaji alishike, kwa sababu lina uzito katika sehemu zote zinazofuata. Chembe chache sana zinatosha kumwambukiza mtoto, ilhali mtoto mgonjwa hutoa mabilioni ya chembe katika gramu moja ya kinyesi. Kwa hiyo maji safi na vyoo bora, ambavyo huzuia sana kipindupindu, havikutosha kukizuia kirusi cha rota. Kabla ya chanjo, karibu kila mtoto duniani alikuwa ameshakipata kabla ya kutimiza miaka mitano, awe wa Stockholm, wa Chicago au wa Mtwara. Kirusi hakikubagua, lakini kifo kilibagua.

Chumvi, sukari na maji

Miaka michache kabla ya kirusi kuonekana, dawa yake ilikuwa imeshapatikana, na ilipatikana kwa ajili ya ugonjwa mwingine. Wanasayansi walikuwa wamegundua kwamba utumbo hufyonza chumvi vizuri zaidi sukari ya glukosi inapokuwepo, na chumvi ikishaingia maji huifuata. Mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash, waliokuwa wakifanya utafiti wa kipindupindu Dhaka, walionyesha kwamba mgonjwa anaweza kunyweshwa mchanganyiko wa chumvi, sukari na maji na akahitaji dripu kidogo sana.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, wakimbizi walifurika India na kipindupindu kikawafuata. Katika kambi ya Bangaon daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na dripu. Akaamuru mchanganyiko ule uchanganywe kwa wingi, na akawaachia ndugu za wagonjwa kazi ya kuwanywesha. Waliokufa miongoni mwa waliohudumiwa hivyo walikuwa chini ya asilimia 4, ilhali pasipo tiba kipindupindu kikali huua sehemu kubwa ya wanaokipata. Baadaye shirika la BRAC la Bangladesh lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kuuandaa mchanganyiko huo jikoni, kwa kipimo cha vidole na kiganja. Nyumba zilizofikiwa zilikuwa zaidi ya milioni 10.

ORS, ambayo wengi wetu tuliijua utotoni kwa pakiti yake na ladha yake ya machozi, haiulizi kama kuharisha kumeletwa na bakteria au kirusi. Inarudisha maji, basi. Iliokoa mamilioni ya watoto. Lakini ina mipaka ambayo kirusi cha rota hukijua vizuri. Mtoto anayetapika kila baada ya dakika chache ni mgumu kunywesha. Mama anapaswa kukaa naye saa nzima, kijiko baada ya kijiko, usiku na mchana, na akizidiwa kituo cha afya kiwe karibu. Antibayotiki hazina kazi kwa kirusi. Kwa hiyo tangu miaka ya 1970 ilionekana wazi kwamba ugonjwa huu ulihitaji chanjo.

Mizani ya nani?

Chanjo ya kwanza kuruhusiwa Marekani iliitwa RotaShield. Ilitokana na kazi ya Kapikian yuleyule na wenzake, na ilipata kibali mwezi Agosti 1998. Kufikia Julai 1999 zilikuwa zimepokelewa ripoti 15 za watoto waliopatwa na tatizo la sehemu ya utumbo kuingia ndani ya sehemu nyingine, kama mkono wa shati unavyojigeuza ndani mtu anapolivua kwa haraka. Ni tatizo linalotibika likiwahiwa, lakini lisipowahiwa huua. Matumizi yalisimamishwa mwezi huohuo, na Oktoba 1999 chanjo ikaondolewa. Uchunguzi uliofuata ulikadiria kwamba hatari hiyo ilimpata takriban mtoto 1 kati ya 10,000 waliochanjwa.

Hebu tupige hesabu. Hapa Marekani, kabla ya chanjo, kirusi cha rota kiliua watoto kati ya 20 na 60 kwa mwaka, katika nchi inayopata watoto wapatao milioni 4 kila mwaka. Ukichukua watoto 10,000 wa Marekani, huenda asife hata mmoja. Hatari ya mtoto mmoja kupata tatizo la utumbo kwa sababu ya chanjo ni kubwa kuliko hatari ya kufa kwa rota. Kwa mizani hiyo uamuzi wa kuiondoa ulikuwa na haki, nasi hatuwalaumu walioufanya.

Sasa chukua watoto 10,000 wa dunia nzima. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2003 yalisema kwamba rota ilikuwa ikiua watoto wapatao 440,000 kila mwaka, na kwamba takriban mtoto 1 kati ya 300 angekufa kwa ugonjwa huo kabla ya kutimiza miaka mitano. Asilimia 82 ya vifo hivyo ilikuwa katika nchi maskini kabisa. Katika watoto 10,000, basi, wangekufa zaidi ya 30. Hata chanjo inayokinga nusu tu ingewaokoa 15 au zaidi, dhidi ya mmoja anayepatwa na tatizo la utumbo. Ni kweli kwamba mtoto huyo mmoja angekuwa katika hatari kubwa zaidi kule ambako chumba cha upasuaji kiko mbali. Hata hivyo, mizani inalala upande mwingine kabisa.

Hoja hii ilitolewa wakati uleule. Wapo waliosema kwamba kuzinyima nchi maskini chanjo hiyo ni kosa kubwa kuliko kuwapa. Lakini ni waziri gani wa afya angesimama mbele ya wananchi wake na kuwaambia: hii ni chanjo iliyokataliwa Marekani, leteni watoto wenu? Angeshukiwa kwamba anawapa watu wake makombo. Hatuwezi kumlaumu waziri huyo pia. Ndiyo maana tunasema tatizo halikuwa katika uamuzi wa mtu mmoja. Lilikuwa katika mpangilio ambamo chanjo ya ugonjwa unaoua zaidi Afrika na Asia ilitegemea kwanza kupita katika soko la nchi ambako ugonjwa huo hauui. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: anayeubeba ndiye ajuaye uzito wake.

Chanjo nyingine mbili, Rotarix na RotaTeq, zilikuwa zinatengenezwa. Kwa sababu ya yaliyoipata RotaShield, kila moja ilibidi ijaribiwe kwa watoto zaidi ya 60,000, ili hatari ya mmoja kati ya 10,000 isipite bila kuonekana. Matokeo mazuri ya zote mbili yalichapishwa Januari 2006. Mwaka huohuo Marekani ikaanza kuwachanja watoto wake. Lakini majaribio makubwa yalifanyika zaidi Amerika na Ulaya, kwa hiyo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo kwa maeneo hayo kwanza, na kusubiri majibu ya Afrika na Asia. Hilo nalo lina mantiki. Ila matokeo yake tunayaona katika familia zetu wenyewe. Wadogo zetu waliozaliwa hapa mwaka 2007 walipewa matone ya rota. Binamu zao waliozaliwa mwaka huohuo Tanga, Kisumu na Bujumbura hawakupewa.

Nusu iliyo kubwa

Majibu ya Afrika yalikuja mwaka 2010, na mwanzoni yalisikitisha. Katika majaribio ya Rotarix yaliyofanyika Afrika Kusini na Malawi, chanjo ilizuia asilimia 76.9 ya kuharisha kukali kwa rota Afrika Kusini, lakini asilimia 49.4 tu Malawi. Amerika ya Kilatini ilikuwa imezuia takriban asilimia 85. Wanasayansi bado wanajadili sababu. Huenda ni kingamwili nyingi ambazo mama humpitishia mtoto, au chanjo ya matone ya polio inayotolewa siku hiyohiyo, au utapiamlo na maambukizi ya mara kwa mara ya utumbo. Huenda pia ni tofauti za aina za kirusi na za miili yetu.

Mtu akisimama hapo atasema chanjo imeshindwa Malawi. Lakini watafiti walipima kwa kipimo cha pili: kati ya watoto 100 waliochanjwa, ni matukio mangapi ya kuharisha kukali yaliyozuiwa kwa mwaka? Afrika Kusini yalikuwa 4.2. Malawi yalikuwa 6.7. Chanjo iliyokuwa dhaifu zaidi iliwasaidia watoto wengi zaidi, kwa sababu ugonjwa ulikuwa mwingi zaidi. Nusu ya mzigo mkubwa ni kubwa kuliko robo tatu ya mzigo mdogo. Sisi tunaona kwamba hii ndiyo hesabu iliyokosekana mwaka 1999, safari hii ikiwa imefanywa kwa kutumia watoto wa Kiafrika na mizani yao.

Kufikia hapo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshapendekeza, mwaka 2009, kwamba chanjo itolewe nchi zote. Kwa msaada wa mfuko wa Gavi, Sudan ilianza mwaka 2011, Rwanda na Malawi mwaka 2012, Tanzania mwaka 2013, Kenya mwaka 2014, Uganda mwaka 2018. Tanzania iliianzisha pamoja na chanjo ya nimonia, na ratiba yake ni matone ya mdomoni mtoto anapofikisha wiki 6 na wiki 10. Tafiti zilizofuata Tanzania Bara na Zanzibar zilionyesha kwamba watoto wanaolazwa kwa kuharisha kwa rota walipungua. Malawi, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba hatari ya kufa kwa kuharisha miongoni mwa watoto wachanga waliochanjwa ilishuka kwa takriban theluthi moja. Nayo India iliacha kusubiri chanjo za wengine: kutokana na kirusi kilichopatikana kwa watoto wachanga mjini New Delhi, ilitengeneza Rotavac, chanjo yake ya bei nafuu, na kuanza kuitumia kitaifa mwaka 2016.

Kinachobaki

Historia hii haijaisha vizuri kama tungependa. Mwaka 2018 kampuni ya Merck ilisitisha mpango wa kupeleka RotaTeq kwa nchi nne za Afrika Magharibi, nazo zikalazimika kutafuta chanjo nyingine. Nchi isiyotengeneza chanjo yake iko kwenye foleni ya mwingine, hata pale foleni inaposogea.

Tena rota ilikuwa moja tu. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi nane, huku Haydom mkoani Manyara kikiwa kituo chake cha Tanzania, uliwafuatilia watoto tangu kuzaliwa na kuonyesha kwamba norovirusi na astrovirusi nazo zina sehemu kubwa katika kuharisha kwao. Rota inapopungua kwa sababu ya chanjo, norovirusi husogea mbele.

Wenzetu katika klabu wanaosomea tiba, uchumi au sheria watakuwa kazini wakati chanjo ya norovirusi itakapopatikana. Inafanyiwa utafiti sasa. Kirusi chenyewe kimejulikana tangu 1972, mwaka mmoja kabla ya rota. Siku itakaporuhusiwa katika nchi ya kwanza, tunawaomba waandike tarehe hiyo mahali, kisha waandike tarehe itakapofika Haydom, na wahesabu miaka iliyo katikati.